Binti wa Sultani na Binti wa Mfinyanzi

Mtu akiulizwa yeye ni nani, aghalabu hujibu kwa kumtaja baba yake. Katika pwani yetu mwanamume husema fulani bin fulani, na mwanamke husema binti fulani. Mkikuyu hutia neno wa, Mmasai ole, na Mkalenjin arap, lakini maana yao wote ni moja: ukitaka kunijua mimi, mjue kwanza aliyenizaa. Jawabu hili ni fupi, na linatosha barazani na afisini. Katika kitabu halitoshi. Mwandishi anayesimulia maisha, yawe yake au ya mwenziwe, hana budi kutuonyesha nyumba ambamo jina lile lilikuwa likiitwa, nani aliliita, kwa sauti gani, na nani alikataa kuliita.

Nataka kuvipima hapa vitabu viwili vya maisha ya wanawake wawili wa kisiwa kimoja cha Unguja. Habari za kisiwa hicho si ngeni kwetu sisi watu wa Kenya, maana ukanda wa pwani yetu, tangu Vanga hata Kipini, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja mpaka mwaka wa 1963. Cha kwanza kiliandikwa na Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, nje ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja. Kitabu kilichapwa kwa lugha ya Kijerumani mjini Berlin mwaka wa 1886, na jina lake, tukilifasiri, ni Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu. Wakati huo mwandishi alikuwa amekwisha badili dini na jina, akiitwa Emily Ruete. Kitabu cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert na kutolewa mwaka wa 1958. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, upande wa kusini wa kisiwa, yapata mwaka wa 1880, katika nyumba ya watu maskini wenye kazi ya kufinyanga vyungu. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa.

Salme binti Said, Mtumwa binti Saad. Yakitamkwa upesi majina haya yanakaribia kulingana kama vina vya shairi, na mtu asiyejua angeweza kudhani ni ya ndugu wawili. Lakini umbali uliokuwapo kati ya jumba la Mtoni na kibanda cha Fumba haukuwa wa kupimwa kwa maili.

Tuanze na Salme, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kalamu mwenyewe. Katika dibaji yake anatuambia sababu ya kuandika, nayo ni sababu ya kuhuzunisha. Miaka 9 hivi kabla ya kitabu kuchapwa, alitaka kuwaachia watoto wake watatu habari za maisha yake. Watoto wale walikuwa hawajui lolote juu ya asili yao ila kwamba mama yao ni Mwarabu na kwamba ametoka Unguja. Naye wakati ule alikuwa amechoka mwili na moyo, wala hakutumaini kuishi hata wawe wakubwa. Alikuwa mjane. Alikuwa amempenda mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, akatoroka kwao mwaka wa 1866 kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko akabatizwa na kuolewa mwaka wa 1867. Na mwaka wa 1870 mumewe akakanyagwa na tramu katika mji wa Hamburg, akafa. Basi kitabu kiliandikwa na mama katika nchi ya baridi, kwa ajili ya watoto waliozaliwa katika baridi ile, juu ya nyumba ambayo wao hawakupata kuiona.

Msomaji akiisha kulijua hilo, ataelewa kwa nini kitabu hiki hueleza kila kitu. Salme anaeleza jinsi chakula kinavyoandaliwa, jinsi mtoto mchanga anavyolelewa, jinsi Waislamu wanavyofunga na kufungua, jinsi wanawake wa jumba wanavyovaa. Mtu aliyezaliwa Lamu au Mombasa anaweza kupitisha macho haraka juu ya kurasa hizo akisema, haya tunayajua. Ni kweli, tunayajua. Watoto wa Hamburg hawakuyajua, na katika fungu la mambo madogo kama hayo ndimo hasa mtu huwa mtoto wa nyumba fulani na si ya nyingine.

Hata hivyo sitasema kwamba sura zote zimefaulu sawasawa. Kitabu hiki kina wasikilizaji wawili, na masikio yetu yaweza kuwatambua. Mara Salme husema na wanawe, na hapo sauti yake ni ya upole na picha zake zi hai. Mara huwaacha, akawageukia wasomaji wa Ulaya waliowadharau watu wa mashariki, akaanza kuteta nao: mwanamke wa mashariki si mfungwa kama mnavyodhani, ndoa zetu si mbaya kuliko zenu, elimu yenu nayo ina madhara yake. Katika mabishano hayo mara nyingine ana haki, lakini sanaa hushuka. Mtu anayejitetea hakumbuki. Huchagua ushahidi tu.

Ana uwezo mkubwa anapokumbuka kwa ajili ya kukumbuka. Jumba la Mtoni lilikuwa kando ya bahari, na yeye akadiria kwamba watu wapatao 1,000 waliishi humo. Katika ua wake mpana walitembea paa, tausi, mbuni na heroe, na watoto wakicheza kati yao. Palikuwapo mahali pa kuogea penye michungwa mikubwa. Kulikuwa na roshani ya mviringo ielekeayo baharini, iliyoitwa benjile, na hapo Sultani alikuwa akitembea kwenda na kurudi, kichwa amekiinamisha, huku akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomwingia pajani katika vita vya zamani. Tazama jinsi mwandishi alivyomchagulia baba yake alama. Hakuanza na taji wala na merikebu zake. Alianza na mguu unaochechemea na kichwa kilichoinama, na kwa hayo mawili mtawala aliyetawala kutoka Maskati mpaka pwani yetu akawa baba wa mtoto mmoja aliyekuwa akimchungulia kutoka uani.

Tena ziko lugha. Katika jumba lile zilisemwa Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Mbele ya Sultani ilikuwa sharti kusema Kiarabu peke yake; lakini, asema Salme, alipogeuza mgongo, kila mtu alirudia ya kwao. Sijui picha iliyo bora kuliko hiyo ya kuonyesha namna ukoo mkubwa ulivyokusanywa. Baba ni mmoja na lugha ya heshima ni moja, lakini nyuma ya mgongo wake ziko nchi saba. Watu hao hawakufika pale kwa hiari ya safari. Wengi wao waliletwa.

Hapa twafikia sehemu ambayo kwangu mimi ni moyo wa kitabu. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, naye alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi zilizo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukasi. Alikuwa binti wa mkulima, mwenye kaka mmoja na mdogo wa kike. Vita vilipotokea, wazazi walijificha na watoto wao mahali chini ya ardhi. Wanyang'anyi wakawafikia, wakawaua baba na mama, na watoto watatu wakapakiwa juu ya farasi watatu. Farasi aliyemchukua kaka alipotea mapema. Wasichana wawili walikwenda pamoja mpaka jioni, yule mdogo akimlilia mama yake njia nzima. Kisha wakatenganishwa, wala Jilfidan hakusikia habari zao tena mpaka kufa kwake. Alifika katika nyumba ya Sultani akiwa bado mtoto mdogo sana. Salme anajuaje umri wake? Anajua kwa kuwa jino la kwanza la utoto lilimng'oka mama yake katika nyumba ile.

Jino hilo lina nguvu kuliko kurasa nyingi za maelezo. Hapakuwa na cheti wala jamaa wa kusema Jilfidan alizaliwa lini. Kumbukumbu yote ya mwanzo wa maisha yake ilikuwa ni machozi ya ndugu mdogo juu ya farasi wa mtu mwingine, na jino lililoanguka katika nyumba ya ugeni. Mtoto huyo alinunuliwa. Baadaye akawa suria wa Sultani, akamzalia Salme. Na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria huzaliwa huru, naye ni sawa na ndugu zake wengine kwa baba. Kwa hiyo yule tunayemwita binti mfalme alikuwa binti wa mwanamke aliyeuzwa. Hili Salme halifichi, wala halionei haya. Anamsifu mama yake kwa nywele zake zilizofika magotini, na zaidi kwa wema wake wa kuwahudumia wagonjwa, na alipokufa kwa kipindupindu mwaka wa 1859 mwandishi anaonyesha msiba wake bila ya kupamba maneno.

Sasa msomaji mwangalifu atashangaa, na ni haki ashangae. Mwandishi huyu huyu, aliyesimulia farasi watatu na jino la mama yake, ana sura nzima juu ya utumwa, na katika sura hiyo anautetea. Adai kwamba watumwa wa Waarabu hawakuteseka kama Wazungu wanavyosema, kwamba kuukomesha ghafula ni kuwaharibia wenyeji mali yao, na juu ya watu weusi anatumia maneno ya dharau ambayo hayapendezi kusomwa. Je, alimsahau Jilfidan? Hakumsahau. Naona alikuwa amemtenga. Mama yake alikuwa katika fungu la nyumba, la watu wenye majina. Wale waliochuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba walikuwa katika fungu jingine, nalo halikuwa na majina. Majina ya ndugu zake twayapata kwa wingi, Majid, Barghash, Khole na wengineo, maana baba yao alipokufa baharini mwaka wa 1856 aliacha watoto 36. Majina ya waliochota maji ya kuogea chini ya michungwa ile twayapata kwa nadra mno.

Wako watu wasemao kwamba tusimhukumu mtu wa zamani kwa mizani ya leo. Lakini mimi simpimi kwa mizani ya leo. Mizani ilikuwamo katika kitabu chake mwenyewe, kurasa chache nyuma, nayo ni habari ya mama yake. Tena alipokuwa akiandika, soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha fungwa, mwaka wa 1873, na aliyetia mkono mkataba wa kulifunga alikuwa ndugu yake Barghash, ijapokuwa kwa kushurutishwa na Waingereza. Kumbukumbu ya mtu ni kama taa ya chumbani: humulika alipo mwenyewe, na pembe za nyumba hubaki na giza. Kazi ya mhakiki si kuizima taa hiyo. Ni kuuliza nani alikuwa amesimama katika pembe.

Mambo ya siasa ya jumba nayapita upesi, ingawa yanavutia. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomponza, maana Barghash alipofanya njama dhidi ya Majid mwaka wa 1859, msichana wa miaka 15 aliyeweza kuandika alifanywa karani wa wapinzani. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na udugu ukavunjika vipande ambavyo havikuungana tena. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akawakosa Barghash na Khole. Jambo la kukumbuka ni hili tu, kwamba kabla hajatoroka na Mjerumani, nyumba ilikwisha mtoka mkononi.

Mwaka wa 1885 alirudi. Alikuja na watoto wake katika merikebu ya Wajerumani, wakati ambapo Bismarck alikuwa akiitafutia Ujerumani makoloni katika sehemu hizi, na bila shaka serikali ile ilimtumia mjane huyu kama kipande cha mchezo wake. Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumwona. Lakini katika njia nyembamba za mji, watu walimfuata kwa makundi, wakimwamkia kwa Kiswahili na kumwita Bibi. Kurasa hizo zina uchungu na furaha pamoja, na kwa maoni yangu ndizo zinazojibu swali tuliloanza nalo. Ndugu wa damu alifunga mlango; watu wa njiani, ambao wengi wao huenda walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, walimtambua kuwa ni wao. Wale wale aliowaacha gizani katika sura yake ya utumwa ndio waliotoka gizani kumpokea. Yeye aliandika furaha yake kwa mapokezi hayo. Hakuandika kwamba ameiona tofauti iliyomo.

Alipokwenda kulitazama jumba la Mtoni alilikuta limekuwa gofu. Alirudi Unguja tena mwaka wa 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, wala hakufanikiwa kupata urithi aliodai. Baadaye alikaa miaka mingi katika nchi ya Sham, hasa Beirut, akafa Jena, Ujerumani, mwaka wa 1924. Katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao Hamburg.

Nikitoka katika kitabu hicho na kuingia katika Wasifu wa Siti binti Saad, naona kama mtu aliyezunguka nyumba ile ile na kuingia kwa mlango wa nyuma. Mtumwa binti Saad alizaliwa miaka 7 hivi baada ya soko la watumwa kufungwa, na alikuwa msichana wa miaka kama 17 utumwa ulipofutwa katika sheria za Unguja, mwaka wa 1897. Husimuliwa kwamba baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa Kizigua. Yaani watu wa bara ambao historia iliwatupa kisiwani, kama ilivyomtupa Jilfidan. Tofauti ni kwamba Jilfidan aliingia jumbani, na hao wakaingia shambani. Nasi Wakenya tusidhani jambo hilo liko mbali. Frere Town, karibu na Mombasa, ilianzishwa katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na watu waliokaa pale walikuwa wamekatwa na koo zao, wakapewa majina mapya na kuanza ukoo upya kwa mikono mitupu.

Siti hakujua kuandika. Hakuwa na mfupa wa ngamia wala karani. Alikuwa akiuza vyungu vya mama yake, akivinadi kwa sauti iliyojulikana kutoka mbali. Yapata mwaka wa 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki kwa watu waliokuwa na ujuzi wake, na jina la Mtumwa likaondoka, likaja jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Hapa pana jambo la kupendeza katika historia. Husimuliwa kwamba taarabu ililetwa katika jumba la Unguja kutoka Misri na yule yule Sultani Barghash aliyemfungia dada yake mlango. Ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, ikisikizwa na wakubwa. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mara muziki wa jumbani ukawa wa watu wa Ng'ambo, mtaa wa mafukara. Mwaka wa 1928 alisafiri Bombay na wenzake, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri, na sauti ya binti wa mfinyanzi ikasikika katika nyumba za pwani nzima. Aliimba mapenzi, na tena aliimba mambo yaliyotendeka mjini, kama habari ya Kijiti, muuaji aliyekimbilia bara huku walioshuhudia wakiadhibiwa. Kile ambacho mahakama haikukisema vizuri, wimbo ulikisema.

Wenye wivu walimtungia maneno ya kumkumbusha kaniki na kijiji chake, tena wakamcheka kwa sura yake. Walitaka kumrudisha katika jina la Mtumwa. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na fahari ya ukoo si hoja. Hoja ni akili. Hilo ndilo jawabu la mtu asiye na nasaba ya kutegemea. Salme, kila alipodharauliwa Ulaya, aliweza kuegemea jina la baba yake, na jina hilo limekaa mbele ya kitabu chake kama bawabu. Siti hakuwa na bawabu. Ilimlazimu kuwa mtu kila siku upya, mbele ya wasikilizaji, kwa sauti yake.

Shaaban Robert alimwona Siti karibu na mwisho wa maisha yake, kabla hajafa mwaka wa 1950, na kutaka kuyahifadhi maisha hayo lilikuwa tendo kubwa. Ni wachache waliodhani wakati ule kwamba mwanamke mwimbaji, mtoto wa mafukara, anastahili kuandikiwa wasifu kwa lugha yake mwenyewe. Heshima iliyomo katika kila ukurasa ni ya kweli. Walakini kitabu kina upungufu wake, nao ni kinyume cha upungufu wa Salme. Salme alijua mno na akaficha alipojitetea. Shaaban Robert anasifu mno na anatufundisha mno. Kila tukio la Siti halina budi kuzaa wasia: uvumilivu, bidii, unyenyekevu. Tunamwona mwandishi kwa wingi, akiwa na hekima yake na ufasaha wake, na mara nyingine twatamani aondoke kidogo mlangoni tumsikie mama mwenyewe. Ningependa kujua alijisikiaje kuitwa Mtumwa na wazazi waliompenda. Ningependa kujua siku ya kwanza alipoitwa Siti alitazama nyuma akidhani anaitwa mwingine, au aliitika mara moja. Kitabu hakitupi jino la Jilfidan. Kinatupa mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa ni mgumu kumkumbatia.

Lakini nikilazimika kusema ni kitabu kipi kimeijua zaidi Unguja, nitasita. Salme aliiona kwa macho ya mtoto wa jumba, akaichora vizuri kwa sababu aliipoteza. Siti hakuipoteza hata siku moja. Ndiyo maana, labda, hakuwa na haja ya kuieleza. Mtu aliye kwao haelezi mlango wa nyumba yake uko wapi. Aliiimba tu, na waliomsikiliza walijua kila njia aliyoitaja.

Mwanafunzi aliyepewa insha juu ya ukoo wake, kama mnavyopewa ninyi mara kwa mara, atafaidika kwa kuvisoma vitabu hivi pamoja. Aanze na cha Shaaban Robert, kwa kuwa lugha yake ni yetu, na asikize mahali ambapo sauti ya mwandishi inaifunika ya Siti. Kisha atafute cha Salme katika tafsiri, aziruke sura za mabishano akipenda, asome habari ya Jilfidan na habari ya kurudi Unguja, moja baada ya nyingine kwa kikao kimoja. Baada ya hapo arudi kwenye sura ya utumwa, aisome yote, bila ya kuruka neno.